Mchango wa safari uanzie gereji

NJIA YA KASKAZINI
Na Aikande Mosha

Novemba ikishaingia, Warombo tunaoishi Dar es Salaam huanza kuulizana: mwaka huu unapanda na nani? Viti vya mabasi ya wiki ya Krismasi huisha mapema, na treni ya Moshi, iliyorudi relini Desemba 2019 baada ya kimya cha miaka mingi, haiwezi kutubeba wote. Basi mwenye Noah anakuwa mtu wa kutafutwa. Ndugu wanaunda kundi la WhatsApp, anateuliwa mweka hazina, michango inaanza kuingia: mafuta, maji ya kunywa, chakula cha njiani, mchele na sukari ya wazazi, mbuzi wa pamoja. Nimekaa kwenye makundi hayo miaka mingi. Orodha huwa ndefu na kila kitu kina wa kukisimamia, isipokuwa gari. Gari anaachiwa mwenyewe.

Huo ni utaratibu mbaya, na naomba tuuache mwaka huu.

Tazama tunachokidai kwa gari hilo. Mwaka mzima limekwenda Kimara na Kariakoo, foleni asubuhi na foleni jioni. Halafu alfajiri moja linapakiwa watu viti vyote, watoto wamepakatwa, keria juu imejaa magunia na masanduku, linaanza mwendo wa zaidi ya kilomita 550 kupitia Chalinze, Segera na Korogwe. Kuanzia Mombo hadi Same barabara inapita chini ya milima ya Usambara na Upare, upande ambao mvua ni ya kubahatisha na jua la Desemba halina huruma. Ukipavuka hapo salama bado kuna Himo, na kutoka Himo kwenda Mwika ni kupanda tu. Injini inadaiwa kwa siku moja kazi ambayo haijawahi kuifanya mwaka mzima.

Mwaka jana tulikwama kati ya Mkomazi na Hedaru, saa nane mchana. Dalili ya kwanza ilitoka kwenye kiyoyozi: kilianza kupuliza hewa ya vuguvugu. Shemeji, ambaye ndiye mwenye gari na ndiye aliyekuwa anaendesha, akatupia jicho mshale wa joto, akazima kiyoyozi na kufungua hita mpaka mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini. Watoto wakaanza kulia. Shangazi akawafungulia madirisha bila kuuliza kitu. Mvuke ulipoanza kutoka pembeni mwa boneti, shemeji akaegesha na kuzima.

Kijana mmoja wa kwetu alikunja fulana mkononi ili afungue mfuniko wa rejeta. Dereva wa lori aliyesimama nyuma yetu alimpigia kelele kabla hata hajashuka vizuri: "Acha, mdogo wangu! Hayo maji yatakubabua uso." Alisema kweli. Mfuniko wa rejeta hubana mgandamizo ndani ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Yanaweza kukaribia 120 yakiwa bado yametulia. Ukiulegeza, yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia. Watu wameharibika macho kwa kosa hilo. Tukasubiri chini ya mgunga mpaka injini ikapoa.

Bodaboda alituletea fundi kutoka Hedaru. Hakuwa mtu wa papara. Aliibinya paipu ya juu ya rejeta, akatuita tuangalie: imevimba na kulainika, na karibu na klipu ina ufa mwembamba ambao huwezi kuuona paipu ikiwa imetulia. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kahawia, yamejaa kutu. "Mmekuwa mkiweka maji ya bomba," alisema, wala hakuwa anauliza. Alipofungua mahali pa themostati akakuta patupu. Iliwahi kutolewa, kama gereji nyingi za mjini zinavyofanya gari likichemka, na mwenye gari akaondoka akiamini tatizo limekwisha. Lakini themostati ndiyo inayoamua lini maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inakosa joto lake sahihi na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Kulanti nayo si pambo. Inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Maji matupu yanakula chuma taratibu, yanakula na pampu.

Fundi alikata kipande chenye ufa, akaivuta paipu iliyobaki ikafika, akakaza klipu mpya, kisha akajaza maji kidogo kidogo injini ikiunguruma ili hewa itoke. Alitutoza bei ya haki. Tulifika Rombo usiku.

Kukwama kwenyewe hakukuniumiza sana. Kilichoniumiza nilikisikia chini ya ule mgunga. Shemeji alimwambia shangazi kwa sauti ya chini kwamba alikuwa anajua. Maji ya rejeta yalikuwa yanapungua tangu Oktoba, na fundi wake wa Dar alishamwandikia vitu vya kubadilisha: paipu, pampu ya maji, kulanti. Ada za Januari zilikuwa mbele yake, akaamua avumilie mpaka tukirudi. "Ningewaambiaje watu, shangazi? Wangesema nawatoza nauli."

"Ungesema tu, baba," shangazi alimjibu. "Ungesema."

Lakini mimi najua kwa nini hakusema. Kwetu sisi mtu akishakuwa na gari anahesabiwa kuwa na uwezo, hata kama gari lenyewe ni la mkopo na kila mwezi anabanwa. Akiomba hela ya pampu ya maji, ataambiwa kwenye kundi kwamba anatengenezea gari lake kwa mgongo wa ndugu. Anayekaa kiti cha nyuma haulizwi kitu, akishalipa mafuta amemaliza. Na mafuta ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, maana bila mafuta gari halitoki. Bila paipu nzima linatoka vizuri kabisa. Linakuja kukataa Hedaru, na wazee na watoto wakiwa ndani.

Paipu na kulanti ni vitu vya bei ndogo. Gari lililochemka likilazimishwa kutembea, hedi inapinda, gasketi inakatika, maji yanaingia kwenye oili, na hapo familia moja imepoteza gari kwa safari ya ukoo mzima. Siwezi kuita hilo undugu.

Na hayo ni ya maji tu. Tairi ni hatari zaidi kwa sababu halitoi onyo. Wengi hutazama kama lina kipara, wakiona halina wanaridhika. Tazama pia umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 3516 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mpira wa miaka hiyo umeshakakamaa hata kama ulikuwa umehifadhiwa stoo, na ukiubebesha mzigo kwenye lami ya Makanya mchana unaweza kupasuka mkiwa kwenye mwendo. Spea nayo itazamwe, tena kwa upepo, isiwe ya kuhesabiwa tu kwamba ipo.

Yule dereva wa lori alifanya jambo jingine ambalo natamani kila msafiri aliige. Alikata matawi akayapanga barabarani mbali nyuma yetu kutahadharisha magari, kwa kuwa hatukuwa na pembetatu za kuakisi. Tulipokuwa tayari kuondoka, aliwarudisha vijana wetu wakayaondoe yote, pamoja na mawe tuliyozuia nayo magurudumu. Mawe yanayoachwa barabarani humsubiri mwenye pikipiki usiku.

Ninachoomba ni hiki. Kundi lenu la safari likifunguliwa, mchango wa kwanza uandikwe matengenezo ya gari, kabla ya mafuta na kabla ya mbuzi. Aulizie abiria, mwenye gari asiachwe aombe. Pesa ikusanywe mwanzoni mwa Desemba, ili gari likishatoka gereji lipate wiki ya kutembea mjini, na kama kuna kasoro ijitokeze karibu na fundi. Mmoja wenu aongozane na mwenye gari huko gereji, ashuhudie themostati ikirudishwa mahali pake na asome tarakimu za tairi zote tano. Kama matengenezo yanazidi uwezo wa kundi, gari hilo lisisafiri. Tafuteni basi mapema, au pangeni kwenda Pasaka.

Sisi tumeshaanza. Mweka hazina wetu anapokea mchango wa gereji tangu Jumatatu, na wa kwanza kutuma alikuwa shangazi.