MSHAHARA WA CHINI NDIO MLANGO

Katika nchi ya Marekani yako mashirika mengi ya hiari ambayo kazi yake ni kuhifadhi misitu, mito, ndege na wanyama wa porini. Mashirika hayo hayagawani faida, bali huendeshwa kwa michango ya watu na kwa fedha za matajiri. Sierra Club ilianzishwa mwaka 1892, Audubon mwaka 1905, na The Nature Conservancy mwaka 1951. Hili la mwisho limekua hata mapato yake ya mwaka yamepita dola bilioni 1, na linafanya kazi katika nchi zaidi ya 70, zikiwamo Kenya na Tanzania. Kwa hiyo habari zake si za Wamarekani peke yao.

Watu hupenda kuyalinganisha mashirika haya kwa mambo matatu: ukubwa wake, mishahara ya wakuu wake, na mchanganyiko wa watu walioajiriwa humo. Kulinganisha ni vema. Lakini twaona kwamba mambo hayo hupimwa kila moja mbali na jingine, kana kwamba hayana uhusiano. Sisi twasema kwamba ni jambo moja, na asiyeliona hivyo hatapata kujua kwa nini viti vya juu hukaliwa na watu wa namna moja.

Tuanze na mishahara. Sheria ya kodi ya Marekani huyalazimisha mashirika ya namna hii kutoa hati kila mwaka, na hati hiyo huonyesha malipo ya wakuu. Raia yeyote aweza kuisoma. Katika mashirika makubwa, mkuu kulipwa zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka si jambo la ajabu. Watetezi wake hujibu kwamba shirika ni kubwa, na kwamba ukilinganisha mshahara huo na mapato yote utaona ni kidogo.

Hesabu hiyo yapasa kuangaliwa kwa makini. Tuseme shirika dogo lina dola 500,000 kwa mwaka, na mkuu wake hulipwa dola 80,000. Hizo ni asilimia 16 ya fedha zote. Tuseme tena kubwa lina dola bilioni 1, na mkuu wake hulipwa dola 800,000. Hizo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya asilimia 1. Kwa kipimo hicho, anayepokea mara kumi ya mwenzake ndiye anayeonekana mwenye kiasi! Kipimo kinachofaa ni kingine: mkuu hupokea mara ngapi ya yule wa chini kabisa? Hesabu hiyo ndiyo isiyotangazwa, maana hati ya kodi hutaja wa juu na kunyamaza juu ya wa chini.

Sasa tuje kwenye mchanganyiko wa watu. Mwaka 2014, Dorceta Taylor wa Chuo Kikuu cha Michigan alitoa taarifa iliyochunguza mashirika 191 ya hifadhi na mazingira, idara 74 za serikali, na mifuko 28 itoayo misaada. Wakati huo watu wasio weupe walikuwa asilimia 38 ya wakazi wa Marekani, lakini katika kazi hizo hawakupita asilimia 16. Wanawake walikuwa wamesonga mbele zaidi. Hata hivyo wakuu na wenyeviti wa halmashauri walikuwa wengi wao wanaume. Taarifa ilionyesha pia kwamba nafasi za kazi zilijulikana kwa maneno ya mdomo baina ya watu wanaofahamiana.

Wengine husema kwamba watu weusi hawapendi misitu na wanyama. Neno hilo si la haki. Kwa miaka mingi, njia ya kuingia katika kazi hii imekuwa kujifunza miezi kadhaa bila malipo, au kwa malipo yasiyotosha hata kodi ya chumba. Ni kijana gani awezaye kukaa mjini nusu mwaka pasipo mshahara? Ni yule ambaye baba yake anayo fedha. Mtoto wa kuli, hata awe na akili nyingi, hugeuka mlangoni akatafute kazi nyingine. Baada ya miaka 20 halmashauri hutazamana na kuuliza kwa nini wote wamefanana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wafanyakazi wenyewe wamekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 2021 wafanyakazi wa Audubon walipiga kura kuunda chama chao, na wenzao wa mashirika mengine wamefanya vivyo hivyo. Kupenda ndege hakumwondolei mtu haki ya kula.

Nasi huku Afrika Mashariki lazima tulitazame kwa macho makavu. Mwezi Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa ahadi ya kulinda wanyama wetu, na akaomba mataifa mengine yatusaidie kwa wataalamu na fedha. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka ili Waafrika wajifunze kazi hiyo. Kwa hiyo hakuna tena udhuru wa kusema wenyeji hawana elimu. Shirika likijisifu kwamba wafanyakazi wake wengi ni wenyeji, tuulize: ni wenyeji katika kazi zipi? Askari wa porini alalaye nje na bunduki, na mkurugenzi aandikaye barua ofisini, wote wawili huhesabiwa kuwa mtu mmoja mmoja.

Tunadai mambo mawili. Kila shirika la hifadhi, kubwa kwa dogo, litangaze mshahara wa juu na wa chini pamoja, na lionyeshe nani yupo katika kila daraja. Tena, kijana ajifunzaye kazi alipwe ujira wa kumtosha. Mashirika haya huomba fedha kwa jina la wanyama wetu na mapori yetu. Ni haki yetu kujua fedha hizo zinamfikia nani.