"Mimi Ninakunywa Soda Tu": Udhuru Usiosimama

 

Siku ya Idi pili pantoni ya Magogoni hujaa Waislamu. Baba na kanzu yake, mama na buibui lake, watoto na nguo mpya, wote wanavuka kwenda kucheza kwenye mchanga wa Kigamboni. Wengine huelekea Coco Beach, na wenye nafasi zaidi hupanda boti kwenda kisiwa cha Mbudya au Bongoyo. Katika matembezi hayo peke yake hapana ubaya. Wapo ndugu zetu wanaohukumu kuwa kwenda ufukweni ni upuuzi mtupu. Hao tunawaomba watuletee dalili. Katika Suratun-Nahl, aya ya 14, bahari na vinavyoliwa humo vimetajwa miongoni mwa neema za Allah. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.). Na Hanzala (r.a.) alipojituhumu unafiki kwa kuwa moyo wake hulegea anapokaa na mke na watoto, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kwamba ipo saa ya hili na ipo saa ya lile.

Basi hatugombi na bahari. Tunagomba na kiti.

Kwani wengi wetu tukishafika huko hutafuta kivuli, upepo na meza inayotazama maji, na mara nyingi meza hiyo ni ya baa. Jina kwenye kibao ni mgahawa. Kufika adhuhuri, chupa za bia zimeshapanda mezani na muziki umeshapamba moto. Muislamu anaketi na familia yake, anaagiza samaki, chipsi na soda. Akinasihiwa, jibu analo tayari: "Mimi ninakunywa soda tu."

Ndugu yangu, hakuna aliyekutuhumu kwamba umelewa. Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe; katazo ni la kukaa, na ametulia hapo bila kutaja kilichomo katika glasi yako. Wanazuoni wamesimulia kuwa Umar bin Abdul-Aziz, aliyefariki mwaka 101 Hijria, aliletewa watu waliokamatwa wakinywa. Akaambiwa mmoja wao alikuwa amefunga. Akaamuru huyo ndiye aanzwe kuadhibiwa, akitoa hoja kwa aya ya 140 ya Suratun-Nisaa. Alikuwa na saumu, wewe una soda!

Sisemi kwamba mnywa soda ni miongoni mwa wale kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, kwani hadithi imewataja, akiwemo muuzaji, mbebaji na mlaji wa thamani yake, naye hamo. Wala msafiri aliyekwama njiani usiku bila pengine pa kula hafanani na aliyechagua. Lakini dharura ya Coco Beach ni ipi, hali hatua chache kutoka hapo kuna mihogo ya kukaanga na chachandu, na madafu? Na hebu tuulize la jikoni pia: mahali panapochomwa kitimoto, nani amekuhakikishia kuwa kisu, wavu na mafuta ya samaki wako ni vingine?

Lililo zito kuliko yote ni mtoto. Mwaka mzima sisi walimu tunamfundisha kuwa pombe ni uchafu katika kazi za shetani. Kisha katika siku yake tukufu kabisa, baba yake mwenyewe anamketisha katikati ya walevi, anamnunulia aiskrimu, anacheka. Mwanafunzi wa juzuu amma aliwahi kuniuliza kama baa za baharini zina hukumu tofauti na za mtaani kwao. Hakuuliza kwa utani. Alikuwa anajaribu kumtetea baba yake.

Hata hivyo, lawama haziishii kwa akina baba. Sisi wa mimbari tumekuwa hodari wa kukataza na wavivu wa kuandaa. Kamati zetu hujenga vibanda vya kupangisha kwenye ukuta wa msikiti, jambo jema, lakini ni ngapi zimewahi kufikiria mgahawa wa halali ufukweni, wenye mahali pa kuswali na maji ya udhu yenye stara kwa wanawake? Alasiri huingia watu wakiwa majini, magharibi huwakuta foleni ya pantoni, na hatujawawekea hata jamvi. Matajiri wetu nao wanataka faida ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo wameuacha ufukwe kwa wauza bia.

Idi ijayo haiko mbali. Misikiti mitatu au minne ya mtaa mmoja inaweza kukodi turubai, majamvi na mapipa ya maji, ikaomba ruhusa serikali ya mtaa husika, na kuwaalika mamalishe wake wauze pilau na samaki hapo. Vijana wa madrasa wataadhini. Na ambaye mtaa wake haujafanya hivyo, biriani ya Idi imeshaiva nyumbani kwake tangu asubuhi. Aitie katika hotpoti, abebe mkeka, akakae chini ya mkoko au mnazi wowote.