Ramani ya Ubongo wa Nani?

Katika makala za toleo hili utakutana mara kwa mara na sentensi ya aina moja: eneo fulani la ubongo lilionekana kufanya kazi zaidi, au limesinyaa, au lina kovu. Jina la eneo hilo halikutoka kwenye mashine ya MRI. Mashine hutoa picha ya vivuli vyeusi, vyeupe na vya kijivu. Haijui hipokampasi wala amigdala. Jina hutolewa na atlasi, yaani ramani iliyochorwa juu ya ubongo wa mtu mwingine. Programu ya kompyuta huchukua ubongo wa mgonjwa, ikaunyoosha huku na kuubana kule mpaka ukaribiane na ule wa kwenye ramani, kisha ikasoma majina. Mwandishi asiyetuambia alitumia ramani ipi, iliyotokana na bongo za akina nani, ametuachia nusu ya habari.

Sisi wa Matisi tunalielewa hilo bila somo refu. Mwambie kondakta Kitale kwamba unashuka Matisi, atakushusha hapa kwetu nje kidogo ya mji. Litaje jina hilohilo ukiwa Bungoma, utapelekwa Matisi nyingine kabisa, na nauli utakuwa umeshalipa.

Chukua nukta moja ya ubongo. Watafiti huitaja kwa namba tatu: kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini, zote kwa milimita. Nukta ya −22, −11, −18 iko upande wa kushoto, ndani kabisa, pale amigdala inapokutana na hipokampasi. Atlasi moja inaweza kuiita amigdala, nyingine ikaiita hipokampasi, na ile inayotoa majibu kwa asilimia ikagawa kura kati ya zote mbili. Sasa fikiria mwandishi anayeona neno amigdala kwenye skrini akakimbilia kuandika kwamba mgonjwa alikuwa na hofu. Amigdala hushughulika na mambo mengi, hofu ikiwa mojawapo tu. Huyo amekosea mara mbili katika sentensi moja, na bado makala yake itaonekana ya kisayansi kwa sababu ina namba.

Namba zenyewe hazina maana bila ramani yake. Atlasi ya Talairach na Tournoux, iliyotoka mwaka 1988 na kutawala fani hii kwa miaka mingi, ilichorwa kutokana na ubongo wa mwanamke mmoja Mfaransa aliyefariki akiwa na umri wa miaka 60. Maeneo ya Brodmann, ambayo Mjerumani huyo aliyatenga mwaka 1909 kwa kuchungulia seli kwenye hadubini, yaliingizwa humo kwa kukadiria kwa macho. Baadaye watafiti wa Montreal, Kanada, wakatoa kiolezo, yaani ubongo wa mfano, cha wastani wa vijana 152. Kati ya ramani hizo mbili, nukta yenye namba zilezile inaweza kupishana kwa karibu sentimita nzima katika baadhi ya sehemu. Ndani ya ubongo, sentimita ni safari ndefu.

Hapa Kenya tuna sababu yetu ya kuuliza swali hili kwa ukali. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi, alichapisha Uingereza makala kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alikuwa amepima bongo za Waafrika, akaziweka kando ya vipimo vya Wazungu, akahitimisha kwamba tabaka la nje la ubongo wa Mwafrika ni jembamba na halijakomaa. Hakuwa na njia ya kutenganisha rangi ya mtu na lishe yake, maradhi yake ya utotoni, au namna ubongo ulivyohifadhiwa baada ya kifo. Lakini kazi hiyo ilimfaa sana H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, aliyekuwa akinadi upungufu wa akili wa Waafrika kama jambo la kuzaliwa. Mwaka 1953 J. C. Carothers, naye aliyewahi kufanya kazi Mathari, aliliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Yote hayo yalianza na kipimo cha watu wa kwingine kilichofanywa kuwa sheria, na tofauti ikasomwa kuwa kasoro.

Wengine wameshaanza kujitengenezea vipimo vyao. Wachina walitoa kiolezo chao mwaka 2010, na Wahindi wa Hyderabad wakafuata mwaka 2019 kwa bongo 100. Watafiti wa Hyderabad walitaka kigezo cha kuwasaidia kutambua mapema maradhi kama Alzheimer. Magazeti yakapiga mbiu kwamba bongo za Wahindi ni ndogo. Kwa hiyo sidai tu tupate kiolezo cha Afrika Mashariki, ingawa tunakihitaji, tena chenye watoto na wazee. Nadai pia wasomaji wasiokubali kichwa cha habari cha aina hiyo.

Kuna pia jambo la kliniki. Magharibi mwa Kenya, ambako nguruwe wengi huachwa wajitafutie, mayai ya minyoo ya tegu humfikia binadamu, na viluwiluwi vyake hujenga vifuko ndani ya ubongo vinavyoleta kifafa. Kifuko kilichozungukwa na uvimbe husukuma kila kitu kando yake, na programu iliyozoea ubongo mzima itapachika majina mahali pasipo pake bila hata kuonya. Hapo lazima mtaalamu aitazame picha ya mgonjwa mwenyewe kwa macho yake, ahakikishe kwanza kwamba kulia na kushoto havikubadilishana, ndipo asome atlasi.

Kuanzia toleo lijalo, kila makala yenye picha za ubongo itaje jina la atlasi na toleo lake, namba tatu za kila nukta, na umri wa waliopigwa picha. Isiyotaja itarudishwa kwa mwandishi kabla ya kusomwa.