Kufuli la ujumbe wa malipo lisiwe la wenye simu janja pekee

Biashara ya mazao siku hizi inaendeshwa kwa ujumbe wa simu. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, hana haja tena ya kupanda basi kufuata fedha zake Dar es Salaam. Mzigo unapakiwa kwenye Fuso, bei inakubaliwa kwa ujumbe, malipo ya awali yanaingia kwenye simu na kiasi kilichobaki kinamaliziwa gari likishashusha sokoni. Ni hatua kubwa, hasa kwa wanaokumbuka enzi za kusafiri na fedha zikiwa zimefungwa kiunoni.

Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya Machi 2007 na kuingia kwetu mwaka uliofuata, wakulima na wafanyabiashara wadogo wamelalamikia sana makato, na wana haki ya kulalamika. Lakini kuhusu usalama wa ule ujumbe unaobeba fedha, mjadala umekuwa mdogo mno. Matokeo yake ni kwamba mwizi ameacha kuvizia barabarani, sasa anavizia ujumbe.

Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Wengi huucheka na kuufuta. Hata hivyo, anayeutuma si mjinga. Anautuma kwa watu wengi bila kuwajua, akitumaini kwamba miongoni mwao yupo mmoja ambaye dakika hiyohiyo anajiandaa kumlipa mwenye gari, dalali au fundi wa pampu. Huyo mmoja akiupokea, anadhani umetoka kwa mtu wake, naye anatuma. Msimu wa mavuno, fedha zinapozunguka kwa kasi, ndipo mtego huu unapokuwa hatari zaidi.

Kwa nini mtego wa kizamani namna hii bado unanasa watu? Jibu langu ni kwamba ujumbe mfupi wa kawaida hauna muhuri. Hauna kitu chochote ndani yake kinachomthibitishia mpokeaji kwamba umetoka kwa nani. Hata jina linalotokea juu yake, kama vile jina la benki au la kampuni ya simu, linaweza kughushiwa na mtu mwenye vifaa vya kufanyia hivyo. Ujumbe huo pia hauna bahasha. Unafumbwa kati ya simu yako na mnara tu, na ukishafika kwenye mitambo ya kampuni unasomeka kama barua iliyo wazi.

Hata huko kwenye mnara ulinzi wake una umri mkubwa. Njia ya kufumba mawasiliano iliyotumika sana kwenye mitandao ya kizazi cha pili, iitwayo A5/1, ilibuniwa miaka ya 1980. Desemba 2009, mtaalamu Karsten Nohl alionyesha mjini Berlin kwamba inaweza kuvunjwa kwa vifaa ambavyo si vya serikali wala vya jeshi. Kisha Januari 2017, huko Ujerumani, wezi waliokwisha kuiba nywila za wateja wa benki kwa virusi vya kompyuta waliingilia SS7, yaani mfumo unaoziunganisha kampuni za simu duniani, wakazielekeza kwao jumbe zenye namba za kuidhinisha malipo. Akaunti zikakombwa. Kampuni ya simu iliyohusika ilikiri jambo hilo mwaka huohuo. Kama yametokea Ujerumani, mkulima wa Karatu asiambiwe kwamba kwake hayawezekani.

Dawa ipo, na si ngeni. Wataalamu wanaiita usimbaji fiche. Mimi nitasema kufumba ujumbe.

Chukulia mnunuzi wa Ilala anagawa makufuli yaliyo wazi kwa wakulima wote anaofanya nao biashara, lakini ufunguo anabaki nao peke yake. Mkulima anaweka barua kwenye sanduku, anabana kufuli, analikabidhi kwa dereva yeyote. Dereva hawezi kulifungua, utingo hawezi, na hata mkulima mwenyewe akishalibana hana tena uwezo wa kulifungua. Ni mnunuzi pekee. Wazo hili la kufuli la wazi na ufunguo wa siri lilitangazwa na Wamarekani Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na leo ndilo msingi wa malipo karibu yote ya kwenye intaneti. Ukifungua tovuti ya benki ukaona anuani inaanza na https, ni kazi ya makufuli hayo.

Zuri zaidi ni kwamba hesabu hizohizo zinaweza kugeuzwa zikawa muhuri. Mwenye ufunguo wa siri anagonga muhuri ambao kila mtu anaweza kuukagua lakini hakuna mwingine anayeweza kuugonga. Ujumbe ukibadilishwa hata tarakimu moja njiani, muhuri unakataa. Kwa mfanyabiashara, mimi naona muhuri una thamani kuliko hata bahasha. Anayejua kwamba unauza magunia 40 hajakudhuru sana. Anayeweza kubadili namba ya kupokelea fedha za magunia hayo ndiye anayekumaliza.

WhatsApp, ambayo wafanyabiashara wengi wanaitumia tayari, ilikamilisha Aprili 2016 kufumba mazungumzo yake yote kuanzia simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, kwa njia iliyobuniwa na watu wa Signal. Namba ya malipo uliyotumiwa na mnunuzi wako humo haiwezi kubadilishwa na mtu aliye katikati, wala kampuni yenyewe haiusomi ujumbe huo.

Kuna kifaa kimoja humo ambacho watu hawakitumii, nacho kwangu ndicho chenye faida kuliko vyote. Kila mazungumzo ya watu wawili yana msimbo wake wa usalama. Mwenzako akihamia simu nyingine, au tapeli akifanikiwa kuichukua laini yake na kuisajili upya kwenye kadi nyingine kisha akajiunga kwa namba hiyo, msimbo unabadilika. Ukiwa umewasha taarifa za usalama kwenye mipangilio ya akaunti, programu inakuambia kwamba msimbo wa fulani umebadilika. Ukiona taarifa hiyo, halafu baada ya saa moja fulani huyohuyo anakuandikia kwamba "tumebadili namba ya kulipia", usitume hata senti. Mpigie, msikie sauti, muulize jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua, mathalani dereva wa safari iliyopita alikuwa nani. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, ambao unadai namba ya siri ya tarakimu sita kabla ya mtu kuisajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Ni kazi ya dakika mbili.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kufuli linalinda njia, halilindi mdomo. Ukimtajia mtu namba yako ya siri, au ukamsomea tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako kwa sababu amejitambulisha kuwa ofisa wa huduma kwa wateja, hakuna hesabu duniani itakayokuokoa. Kadhalika, alama ya usalama kwenye tovuti haina maana kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Cheti cha kuiweka hutolewa bure siku hizi, na tapeli hukipata kama mwingine yeyote. Yale makundi ya WhatsApp ya kutangaza bei za mazao nayo yamefumbwa, lakini kundi likiwa na watu 500 usiowajua, umefungiwa chumba kimoja na mwizi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Haya yote niliyoyaeleza yanamfaa mwenye simu janja. Mwenye simu ya tochi, ambaye ndiye mkulima wetu wa kawaida, amebaki na ujumbe mfupi usio na muhuri na ile menyu ya nyota na reli. Tajiri akilipa kwa programu ya benki anatumia alama ya kidole na ujumbe uliofumbwa hadi kwenye mitambo ya benki. Maskini akilipa, namba yake ya siri inapitia kwenye menyu ambayo kwa kawaida haina kufuli lake lenyewe zaidi ya lile la mnara. Mwenye fedha nyingi amepewa ulinzi mkubwa, na mwenye fedha ambazo zikipotea watoto hawaendi shule amepewa mdogo. Mimi siioni haki hapo.

Wala isisemwe kwamba simu ya tochi haiwezi. M-Pesa ya Kenya ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa inafanya kazi kwenye simu za hali ya chini kabisa, na menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe, ambayo ndiyo inayoufumba ujumbe kabla haujatoka. Kadi ya simu ni kompyuta ndogo yenye uwezo wa kutunza ufunguo. Uwezo huo upo kwenye kila laini inayouzwa mtaani kwa bei ya kutupa. Kinachotakiwa ni uamuzi wa kampuni, na msukumo wa Benki Kuu ambayo kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 ndiyo msimamizi wa huduma hizi.

Wakati tunasubiri hilo, yapo mambo mawili ambayo hayahitaji mitambo mipya. La kwanza, pasiwe na mtandao hata mmoja unaomtoza mteja kwa kuangalia salio au taarifa fupi ya miamala, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya mwenye simu ya tochi kukagua kama ujumbe wa "umepokea" ni wa kweli. Kumtoza ni sawa na kumtoza mtu kodi kwa kufunga mlango wake. La pili, laini iliyohamishiwa kadi mpya isiruhusiwe kutoa wala kutuma fedha kwa saa 24. Kwa aliyepoteza simu kweli ni usumbufu, lakini kwa aliyeibiwa laini ni nafasi ya kugundua kabla fedha hazijaondoka.

Kuna hoja nyingine inayosikika katika nchi mbalimbali, kwamba jumbe zilizofumbwa ni maficho ya wahalifu na kwamba kampuni zilazimishwe kuacha mlango wa nyuma kwa ajili ya vyombo vya dola. Naelewa kilio cha polisi. Lakini mlango hauchagui wa kuingia. Mwaka 2024 ilibainika kwamba wadukuzi, ambao Serikali ya Marekani inawahusisha na China, walikuwa wameingia kwenye kampuni kubwa za simu za Marekani na kuifikia hata mifumo iliyowekwa kwa ajili ya amri za mahakama za kusikiliza simu. Desemba mwaka huo maofisa wa usalama wa Serikali hiyohiyo wakawashauri wananchi watumie programu za ujumbe uliofumbwa. Kwa hiyo wakija wabunge wetu kujadili jambo hili, wamuulize na muuza vitunguu.

Kwa msimu huu, mkulima anayepakia mzigo afanye hivi. Namba ya kupokelea fedha aitaje kwa mdomo siku ya makubaliano na isibadilishwe kwa ujumbe kwa sababu yoyote. Gari lisishushwe kwa kuangalia ujumbe wa "umepokea", bali kwa kuangalia salio. Akija mtu anayedai amekosea kutuma fedha na kuomba zirudishwe, aangalie salio kwanza, na hata akizikuta asizirudishe yeye mwenyewe. Amwambie mwenye fedha apige simu kwenye mtandao wake zirejeshwe kwa utaratibu. Kila baada ya muda apige *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Na ule ujumbe wa "ile pesa", badala ya kuufuta, aupeleke pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa kazi hiyo.