Mungu wa chini ya udongo hakuiba

Kuna kitabu kimoja kinachozunguka Vuhovi nyumba kwa nyumba tangu masomo yafunguliwe, mpaka jalada lake limekwisha kung'oka. Kinaitwa Le Voleur de foudre, ndiyo kusema mwizi wa radi. Kililetwa na ndugu mmoja aliyetoka Ubelgiji kuja kuzika mama yake, pamoja na kile kinachofuata, La Mer des monstres. Watoto wanapokezana kwa zamu, wameandika majina kwenye karatasi. Sasa wazazi wamoja katika ushirika wetu wa wachimbaji wanasema vitabu hivyo vichomwe, juu ndani mna miungu mingi. Jambo hilo lilifika mpaka kwenye mkutano wetu, na likazungumzwa mbele ya bei ya dhahabu, mbele hata ya wajane ambao mabwana wao walibaki chini. Mimi nilikataa. Nafasi ya kueleza sikupata, makelele yalikuwa mengi. Basi naeleza hapa.

Kwanza tujue tunataka kuchoma nini, maana wengi waliopiga kelele hawakufungua hata ukurasa mmoja. Mwandishi ni Mmarekani, Rick Riordan, aliyekuwa mwalimu. Mwana wake alikuwa na shida ya kusoma, herufi zilimchanganya, na kukaa kimya darasani alishindwa. Baba akawa anamsimulia usiku hadithi za Wagiriki wa kale. Hadithi zilipokwisha, mtoto akaomba zingine, na baba akatunga yake. Kitabu kikatoka mwaka 2005. Ndani yake Percy Jackson, kijana wa miaka 12, ana shida ileile ya kusoma, na shule sita zimekwisha kumfukuza. Anaishi na mama yake, baba hamjui. Kumbe baba ni Poseidon, mungu wa bahari. Wakati huo radi ya Zeus imeibiwa, Percy anashitakiwa, na wanaomzunguka wanafikiri kwamba imefichwa kwa Hades, mfalme wa kuzimu. Kijana anaondoka na rafiki zake wawili kwenda kuitafuta.

Ni hadithi. Hakuna fasi hata moja ambapo mtoto anaambiwa apige magoti mbele ya Zeus. Na wale wanaoogopa jina la Zeus nawaomba wafungue Biblia yao, Matendo ya Mitume sura ya 14. Watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeus, na Paulo wanamwita Hermes, mupaka mitume wanararua nguo zao kwa kukataa. Sura ya 19 kuna Demetrio, mfua fedha, anawakusanya watu wa kazi yake juu soko la sanamu za Artemi linaanguka. (Kila nikisoma sura hiyo najiuliza kama si mkutano wa kwanza wa sendika ulioandikwa, hata kama sababu yao ilikuwa mbaya.) Na neno Kuzimu tunalolisoma katika Ufunuo, kwa Kigiriki ni Hades. Mtoto anayesoma Agano Jipya amekwisha kukutana na hao wote. Hatujaichoma Biblia.

Kwetu pia hadithi za namna hiyo hazikosi. Ndugu zetu Bakonzo wa ng'ambo ya Semliki wanajua kwamba Kitasamba anakaa juu ya Ruwenzori, kwenye theluji. Ptolemy, mwandishi wa Kigiriki wa Alexandria, karne ya pili, aliandika habari ya Milima ya Mwezi inayomwaga maji ya Nile, na wengi wanaamini ni huo mlima wetu. Kwa hiyo Wagiriki walitusimulia zamani, na sisi leo tunaogopa kuwasoma. Kwa marehemu baba yangu Mugiriki alikuwa mwenye duka, mpaka Mobutu alipowanyang'anya wageni maduka mwaka 1973. Aliposikia kwamba walikuwa na miungu alicheka sana. Alidhani wanaabudu kilo na mizani.

Lakini sababu kubwa ya kukataa kwangu ni binti yangu. Ana miaka 13, yuko mwaka wa 7, na amesoma vile vitabu viwili. Mimi nilivisoma nyuma yake, usiku, Kifaransa changu kikiwa cha mtu aliyeishia sekondari. Alinieleza mambo ambayo mimi sikuyaona.

La kwanza ni la Cyclope. Katika kitabu cha pili Percy anapata kaka wa upande wa baba, Tyson, mkubwa wa mwili, maskini, mwenye jicho moja katikati ya uso. Wenzake wanamcheka, na Percy mwenyewe anamwonea haya. Binti yangu hakucheka. Nilikuwa nimerudi kutoka upande wa Manguredjipa, nimeweka vitu vyangu ukutani, naye akaniangalia akasema: "Papa, Cyclope ni weye na toshi yako ku kichwa. Jicho moja, na kazi yake iko ku giza."

Nilikaa kimya. Halafu akaendelea kwamba ma-Cyclope ndio waliotengeneza radi ya Zeus. Ni kweli, Wagiriki walisimulia hivyo. Ile silaha ambayo miungu wote wanaigombania, iliyoleta karibu vita ya dunia nzima katika kitabu, Zeus hakuifua. Aliifua mwenye jicho moja, mbali na watu, na jina lake hakuna anayelikumbuka. Nimeendesha mafundisho ya sendika miaka mingi, nikieleza tofauti ya anayechimba na anayeuza, na sikuwahi kuieleza kwa ufupi namna hiyo.

La pili ni la Hades, na hapa wale ambao hawajasoma wanisamehe, nitafunua mwisho. Mpaka karibu na mwisho Percy na wenzake wanaamini Hades ndiye mwizi. Kwa nini? Anakaa chini, kwenye giza, watu wanamwogopa. Percy anafika mbele yake, na kumbe Hades hakuiba kitu. Naye ameibiwa, kofia yake ya giza imepotea. Na vita haitaki, juu vita inamletea wafu wengi, na nafasi yao hana tena. Mwizi ni kijana mmoja wa kambi yao wenyewe, mwenye hasira juu ya baba aliyemwacha, na aliyemtuma amelala chini zaidi ya wote na hajulikani. Binti yangu akauliza: "Juu ya nini mutu akiishi chini ya udongo banasema tu ni mwizi?"

Ndugu wachimbaji, swali hilo ni letu. Wagiriki walimwita Hades pia Plouton, maana yake mwenye utajiri, kwa sababu mali inatoka chini. Na mwenye kukaa karibu na mali ndiye anayeshukiwa wa kwanza. Mwaka 2010 Wamarekani walitunga sheria ya madini ya damu, na mwezi wa 9 mwaka ule rais Kabila akafunga uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Ulifunguliwa mwezi wa 3 mwaka 2011. Miezi sita wapapa wengi walikosa minervali ya watoto. Wenye bunduki walikosa nini? Tangu 2024 vita vimeingia hata sekta ya Bapere, tunakochimba, na leo mchimbaji akikutwa njiani na gramu mbili, huku anaitwa msaidizi wa waasi, kule anaitwa mjasusi wa Leta. Sikusema sisi sote ni malaika. Kuna wenzetu wanaouza kwa wenye silaha, nawajua, na kuna vijana wetu walioingia pori kwa hasira ileile ya yule wa kambi. Lakini wanaochunguza wizi wa Kongo waanze juu, siku moja tu, waone.

Kabla sijasahau, kuna Charon, anayevusha wafu. Ndiye mtu pekee katika kitabu chote anayedai nyongeza ya mshahara. Percy anafikisha dai lake kwa Hades, na Hades anakasirika, anahesabu gharama zake zote, watumishi wameongezeka, saa za ziada zimeongezeka. Nilicheka peke yangu usiku. Nimeketi mbele ya wakubwa wanaojibu vile.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Katika kitabu cha pili kuna Tantale. Wagiriki walisimulia kwamba aliadhibiwa kuzimu: anasimama ndani ya maji, akiinama kunywa maji yanakimbia, matunda yako juu ya kichwa, akinyoosha mkono matawi yanapanda. Riordan amemtoa kuzimu na kumfanya mkubwa wa kambi, na sahani ya chakula bado inamkimbia mezani. Watoto wanafurahia sana ukurasa ule. Binti yangu akaniuliza kama ni Tantale yuleyule wa coltan.

Ni yuleyule. Mwaka 1802 Ekeberg, mtu wa Sweden, aligundua chuma kipya. Alikiweka ndani ya asidi, hakikunywa kitu, basi akakiita tantale. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose akakiita chuma kinachofanana nacho niobium, kwa jina la Niobe, binti wa Tantale. Vyuma hivyo viwili ndivyo vimo ndani ya coltan ya Rubaya kule Masisi, na tantale iko ndani ya telefoni uliyo nayo mfukoni. Wanaoitoa wanasimama ndani ya maji na matope, na mali inapita mbele yao inakwenda. Tangu 2024 machimbo ya Rubaya yako mikononi mwa M23. Jina lilikuwa tayari miaka 200 mbele, sisi hatukulijua maana yake.

Nilipomweleza hayo nilikuwa nimefurahi, niliona nimepata hotuba nzuri. Yeye akanikata: "Lakini Papa, Tantale yeye alikosa. Alipika mutoto wake."

Na hiyo pia ni kweli. Hadithi ya kale inasema Tantale aliwaalika miungu, akamchinja mwana wake Pelops, akawaletea mezani ili awajaribu. Adhabu ya njaa ilitokana na hapo. Kwa hiyo hadithi haituhurumii tu sisi wa chini. Inatuuliza pia. Code minier inatoa karte ya mchimbaji kwa mtu mzima tu, kila mmoja wetu anajua, na kila mmoja wetu amemwona mtoto wa miaka 11 akibeba mfuko wa mchanga, akisafisha mawe kwenye maji baridi, akiingia kwenye tundu ambamo mabega ya mtu mzima hayapiti. Nani alimleta? Mara nyingi si muasi wala si mzungu. Ni papa yake, ao mjomba, anayesema mtoto anasaidia. Nani anakula juu ya meza ile, tumekwisha kusema. Lakini anayetia chungu motoni ni nani?

Sitaki kumhukumu mtu aliyekosa franga za shule. Masomo ya bure ya Leta ya tangu 2019 yanaishia shule ya msingi, kiisha hapo minervali inaanza, na dhahabu si kila wiki inaonekana. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka 13, kwa kitabu cha kuchekesha, alinifikisha fasi ambayo mafundisho yetu na vikaratasi vyetu havijatufikisha. Na ni kitabu hicho tunachotaka kuchoma.

Kuna jambo dogo pia juu ya wale wanaoshindwa shule. Percy anaambiwa kwamba herufi zinamchezea kwa sababu akili yake imetengenezwa kusoma Kigiriki cha kale. Kijana mmoja wa jirani, aliyerudia kalasi mara mbili, aliposimuliwa hayo alisema basi yake imetengenezwa kwa Kinande. Tulicheka, lakini hajakosea sana. Anasimulia kwa Kinande mpaka watu wazima wanasahau chakula, na Kifaransa kinamkausha mdomo. Sasa yuko kwenye karatasi ya zamu, namba 9. Anasoma pole pole, na binti yangu anamsaidia maneno magumu.

Ombi langu kwa ushirika liko hivi. Kasha letu la msaada linatoa makuta ya pombe na mbuzi kila mwisho wa mwaka, na mimi mbuzi ninampenda. Tutoe nusu ya pombe tununue vitabu, hivi na vingine, na sanduku la bati la kuvifunga, panya wa Vuhovi hawana huruma. Viwekwe kwa mama mmoja tunayemwamini, si ofisini kwetu, kule vitapotea. Mzazi asiyetaka mtoto wake asome hadithi ya Wagiriki, jina la mtoto lisiandikwe kwenye zamu, imekwisha. Asichomee watoto wa wenzake.

Kitabu cha tatu kinaitwa Le Sort du titan. Huku hatujakiona. Anayeshuka Butembo ao Beni aulize kwenye maduka ya vitabu, na akikipata alete na bei, tutachanga.