Hiyo Mbao ya Benz Haijakufa, Wachana na Stika

Wasee, tuongee hii mambo ya stika, juu imenichosha. Mtu anatafuta Benz W124 mwaka mzima, gari ilianza kuundwa 1984, anaipata, analipa, halafu kitu ya kwanza anafanya ni kubandika plastiki ya rangi ya kaboni juu ya mbao ya dashibodi. Ukimuuliza, anakwambia mbao ilikuwa imekufa.

Haijakufa, buda. Vanishi ndiyo imepasuka.

Hiyo mbao yenye mistari kama punda milia inaitwa zebrano. Gari ni ya Ujerumani, lakini mti unamea hapa Afrika, pande za Kameruni na Gaboni, na saa hii uko kwa orodha ya miti iliyo hatarini. Halafu si ubao mzima. Ni vinia, utando mwembamba usiofika hata milimita moja, umegundishwa juu ya msingi na kufunikwa vanishi nene. Jua likipiga hapo miaka 30, vanishi inakauka, inapasuka, inafanya weupe. Mara nyingi mbao iko chini yake, imetulia tu.

Kazi yenyewe si uchawi. Ng'oa kipande polepole, juu vile vishikio vya nyuma vikivunjika umejiongezea shida. Toa vanishi ya zamani bila haraka. Hapa ndipo watu huharibu: fundi anawasha grainda, dakika mbili amekula vinia yote na unaangalia msingi. Hiyo hairudi. Tumia msasa laini, 400 kwenda juu, kwa mkono, ukifuata mistari. Kisha piga klia ya magari mikono kadhaa, myembamba, kila mmoja ukauke. Malizia na msasa wa maji, 1500 halafu 2000, ndio upige polishi. Na hiyo klia ya kuchanganya ukiipuliza, vaa maski ya kupulizia rangi, si ile ya korona. Mapafu hayana spea.

Kama huwezi, peleka kwa fundi wa fanicha. Sirius kabisa. Mtu amebandika vinia kwa makabati maisha yake yote anajua hii kitu kuliko jamaa wa stika, lakini nyinyi mnaogopa kumpelekea Benz juu ako kando ya barabara.

Najua mtaniambia stika ni bei rahisi. Ni rahisi leo. Gundi ikishaingia kwa zile nyufa, siku ya kuibandua inakuja na vipande vya vinia. Yaani umelipa mtu akuharibie.

Sawa, kuna wakati lazima ubadilishe. Kama maji yaliingia, vinia imeinuka na vipande vimepotea, tafuta za gari iliyokatwa. Lakini chukua seti nzima, usinunue kimoja, juu kila gari imepigwa na jua yake na rangi hazitashikana. Na zile za zamani weka. Fundi akikosa zebrano ya kuziba pengo, atakata hapo.

Na wewe uliyetupa seti nzima kwa jalala ndio uweke kaboni ya plastiki, usinitumie picha ukiuliza kama inakaa poa. Haikai.