NGUVA ASIFIE KATIKA JARIFE

Nguva waliosalia katika pwani ya Tanzania ni wachache mno, na maskani yao makuu ni maji yaliyo baina ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, lilimtia nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sisi watu wa mwambao hatuna budi kulitia onyo hilo maanani.

Sheria inakataza kumvua nguva. Hata hivyo, aghalabu hufa bila ya mtu kumkusudia. Nguva huvuta pumzi juu ya maji kama sisi. Akinaswa usiku katika jarife lililotegwa kwa ajili ya papa na taa, hushindwa kuibuka, akafa maji kabla mvuvi hajarudi alfajiri. Na pengo lake halizibiki upesi. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka mitatu hadi saba ndipo azae tena.

Wako watakaouliza: je, mnyama huyu ni bora kuliko riziki ya mvuvi? Swali hilo ni halali, na jibu lake limo baharini. Majani ya bahari anayokula nguva ndiyo malisho ya tasi, na ndiyo makuzi ya changu na kamba wachanga. Juya linalokokotwa juu ya majani hayo humnyima nguva chakula leo, na mvuvi samaki kesho.

Lakini kumnyang'anya mvuvi jarife na kumwacha mikono mitupu ni kumfundisha kuficha. Anayemkuta nguva amefia wavuni ataona heri amkate nyama gizani kuliko kutoa taarifa.

Kwa hiyo tunazitaka halmashauri za Kibiti, Rufiji, Mafia na Kilwa zikae na wavuvi wenyewe, wakubaliane ni sehemu zipi za majani zisitegwe jarife, na zitafute mikopo ya zana nyingine za uvuvi. Mwenye kutoa taarifa kwa hiari alindwe, asitishwe.

Bahari ni amana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na nguva akishatoweka, hakuna ukuta utakaomrudisha.